Laki tatu ya nyanya: nichukue kausha damu, vikoba au mkopo wa halmashauri?

Muuza Nyanya
Wadau habari za jioni. Mzigo natoa Mabibo alfajiri, matenga mawili yameniozea mtaji ukakata. Nataka laki 3 tu. Kausha damu, hawa wa mikopo ya mtaani ya rejesho la kila siku, wananipa kesho, narudisha 12,000 kila siku kwa siku 30. Wengine wananiambia vikoba, wengine halmashauri. Nishike lipi?

Mama Vikoba
Shoga piga hesabu kwanza, 12,000 mara 30 ni 360,000, yani riba asilimia 20 kwa mwezi mmoja wakati Benki Kuu (BoT) ilishaweka kikomo cha asilimia 3.5 kwa mwezi kwa hawa wakopeshaji wadogo. Na hiyo laki 3 hukai nayo, kesho yake tu unaanza kuitoa, mvua ikinyesha wateja hawaji ila rejesho wanataka. Mimi nilibebewa friji kwa deni la siku 4, watoto wanaangalia. Sisi kikoba chetu tunanunua hisa kila wiki, unakopa mpaka mara 3 ya hisa zako, riba ipo ila mwisho wa mwaka tukivunja tunagawana wenyewe. Na mfuko wa jamii upo, ukiuguliwa huli mtaji.

Wa Buguruni
Halmashauri haina riba kabisa. Ni ile asilimia 10 ya mapato ya ndani, 4 wanawake, 4 vijana, 2 wenye ulemavu, ilisimamishwa 2023 ikarudi 2024. Mjikusanye watano, muwe na katiba na akaunti, muanzie kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata. Ila inachukua muda, na chagueni watu mnaojuana kweli maana mmoja akihama mtaa deni linabaki kwenu.

Muuza Nyanya
Sawa, sasa wiki hii nauza nini jamani?

Mama Vikoba
Kwani tajiri wako wa Mabibo hakuamini? Muombe mali kauli, tenga moja tu, jioni unampelekea hela yake unabaki na faida. Ukifanya hivyo wiki mbili tatu utasimama bila kudaiwa na mtu wa pikipiki wa kausha damu.

Muuza Nyanya
Mali kauli sikuiwaza kabisa, miaka 6 nanunua kwake taslimu. Naenda kuongea naye alfajiri. Kikoba mnakutana lini?

Mama Vikoba
Jumapili saa kumi jioni. Njoo na 5,000 ya hisa moja na kitambulisho cha NIDA, mdhamini wako nitakuwa mimi.