Linux isomeje faili kubwa la z/OS ndani ya kompyuta kuu moja?

Raskazone_Tanga: Habari za kazi, wakuu. Nipo Tanga, ninaandaa taarifa za malipo za mteja mwenye kompyuta kuu ya IBM Z iliyogawanywa, upande mmoja mfumo endeshi wa z/OS na upande wa pili Linux. Kila usiku faili la zaidi ya gigabaiti 40 hupelekwa Linux kwa FTP (njia ya kuhamisha mafaili mtandaoni), likibadilishwa kutoka EBCDIC, mpangilio wa herufi wa z/OS, kuwa ASCII, ule wa Linux. Kazi hiyo inakula saa nyingi, na bado majina husomeka vizuri lakini kiasi cha fedha huharibika. Je, mifumo hii inaweza kutumia faili hilo hilo bila kulinakili?

Mtu_wa_Ngamiani: Ndugu yangu, nianze na fedha, maana hilo ndilo la hatari. Programu za lugha ya COBOL mara nyingi hufungasha tarakimu mbili katika kila baiti, na nusu ya mwisho ya baiti ya mwisho huwa alama ya chanya au hasi, kwa hiyo 12345 huandikwa 12 34 5C. FTP inapobadili herufi haijui kwamba hiyo ni namba: 5C, ambayo katika EBCDIC ni nyota, inageuzwa 2A, na alama imepotea. Zipeleke baiti kama zilivyo, kisha ubadilishe safu moja moja ukifuata maelezo ya rekodi yaliyomo katika programu.

Kunakili kunaepukika. Linux ina zana ya zdsfs, ambayo huyaonesha mafaili ya mfuatano ya z/OS (yenye rekodi zilizopangwa moja baada ya nyingine) moja kwa moja kutoka kwenye diski, kwa kusoma tu, mradi diski iwashwe kwa hali ya raw_track_access, yaani kusoma traki nzima kama ilivyo. Hakikisha kazi ya z/OS imekwisha kulifunga faili kabla hujaanza kulisoma.

Raskazone_Tanga: Ahsante sana, kaka. Faili letu ni la VSAM, aina ya z/OS isiyo ya mfuatano wa kawaida; zdsfs italisoma?

Dada_wa_Bagamoyo: Hapana, VSAM hailisomi. Limimine kwanza kwenye faili la mfuatano kwa amri ya REPRO ya IDCAMS, programu ya z/OS ya kushughulikia mafaili ya VSAM, ukiweka DSNTYPE=LARGE (aina ya faili kubwa), kwa sababu faili la kawaida la mfuatano haliruhusiwi kuzidi traki 65,535 katika diski moja, ambazo kwenye diski ya aina ya 3390 ni takriban gigabaiti 3.7 tu.

Wasimamizi wakikataa kuunganisha diski, na mimi nawaelewa, ombeni HiperSockets, mtandao unaopita katika kumbukumbu ya mashine yenyewe bila waya. FTP iwe ya baiti ghafi, na kama rekodi zina urefu tofauti washeni RDW (baiti za mwanzo zinazotaja urefu wa rekodi), la sivyo urefu wa kila rekodi utaachwa njiani na Linux haitajua rekodi moja inaishia wapi.