Nina miaka 22, kwa nini mama yangu ndiye anayeambiwa ugonjwa wangu?

Wanajamvi, naandika uzi huu nina hasira na sitajifanya sina. Atakayeona lugha yangu ni kali anivumilie. Mimi nimevumilia zaidi yake.

Mimi ni binti wa miaka 22, ni kiziwi, na ni fundi cherehani. Nilizaliwa nasikia. Nilipokuwa na miaka 8 niliugua homa ya uti wa mgongo, nikalazwa, nikapona kila kitu isipokuwa masikio. Ndiyo maana Kiswahili cha kuandika ninacho. Nalisema hili mapema kwa sababu kila nikiandika mahali hatokosekani wa kuniambia "wewe si kiziwi, viziwi hawaandiki hivi".

Miezi miwili iliyopita nilianza kuumwa chini ya kitovu na kutokwa na uchafu wenye harufu. Nikaenda kituo cha afya peke yangu, daftari na kalamu mkononi. Saa moja asubuhi nilikuwa dirishani nimeshaandika: "Mimi ni kiziwi. Zamu yangu ikifika naomba niitwe kwa mkono." Dada wa mapokezi akasoma, akaitikia kwa kichwa. Nikakaa benchi la mbele kabisa, sikumtoa macho hata kwenda chooni. Saa saba mchana benchi zima nimebaki mwenyewe. Nikarudi dirishani, naye akachukua kalamu yangu akaandika kwenye daftari langu: "Uliitwa mara tatu hukuja. Njoo kesho na mtu wako."

Njoo na mtu wako. Maneno hayo nimeandikiwa, nimeonyeshwa kwa vidole, nimeyasoma midomoni mwa watu tangu niko darasa la tatu. Nilidhani nikifikisha miaka 18 yataisha.

Kesho yake nikaenda na mama, maana maumivu yalishanizidi. Dokta alikuwa amevaa barakoa, kwa hiyo midomo yake sikuiona. Hakunitazama. Alimtazama mama, mama ndiye aliyekuwa anaongea, mimi nimekaa katikati yao kama mzigo unaopimwa. Nikasogeza daftari juu ya meza. Akalirudisha upande wangu kwa kiganja, akaonyesha mlangoni kwamba foleni ni ndefu.

Kuna swali moja aliuliza nikaona sura ya mama imebadilika. Jibu lake nililisoma vizuri sana: "Hapana dokta, huyu bado mtoto." Hakunigeukia kuniuliza. Nilijua swali lilikuwa nini. Na nilijua jibu la kweli si hilo. Lakini nyie niambieni, binti gani wa Kitanzania angemkatalia mama yake hapo hapo, mbele ya dokta, pazia liko wazi na watu wako koridoni? Nilinyamaza. Nikapewa dawa za UTI nikarudishwa nyumbani.

Simlaumu mama. Mama hajui lugha ya alama. Ana ishara zetu za nyumbani: kula, kulala, kuumwa, nenda dukani, rudi mapema. Hatuna ishara ya kusema "uchafu wako una rangi gani" wala "ulikutana na mwanaume lini mara ya mwisho". Ni mama mzazi amepewa kazi ya mkalimani wa hospitali bila kuulizwa kama anaiweza.

Wiki tatu baadaye nilikuwa siwezi kusimama wima na homa imenishika. Tukaenda kituo kingine. Hapo nikakutana na nesi mtu mzima ambaye nitamuombea mpaka nife. Alisoma daftari langu, akamshika mama bega akamtoa nje taratibu, akafunga mlango, akavua barakoa, akavuta kiti. Tuliandikiana kurasa sita. Hajui lugha ya alama hata herufi moja. Alichokuwa nacho ni kalamu na adabu. Majibu yakatoka: ugonjwa wa zinaa ambao haukutibiwa, umepanda mpaka kwenye mirija ya uzazi. Aliniandikia wazi kwamba ugonjwa huo ukiachwa unaweza kumfanya mwanamke asipate mtoto. Ule uongo wa neno moja, "bado mtoto", ndio uliokaa tumboni mwangu wiki tatu.

Sasa watakuja wa kusema "si uandike tu, dada, shida iko wapi". Nesi alinitaka nimlete mwenzangu naye atibiwe, la sivyo tutaambukizana upya. Mwenzangu alizaliwa kiziwi. Lugha yake ni Lugha ya Alama ya Tanzania. Kiswahili kwake ni lugha aliyofundishwa ubaoni asiyowahi kuisikia, tena na walimu ambao wengine hawakujua alama. Mwandikie "meza kidonge kimoja kutwa mara mbili baada ya chakula" uone atakavyokukodolea macho. Wapo wengi kama yeye, na si wajinga, ni mafundi, ni wakulima, ni wazazi. Karatasi iliniokoa mimi, yeye haimwokoi. Yeye ataingia na nani? Na baba yake?

Rafiki yetu mmoja wa shule aliingia kupima VVU na mjomba wake. Mjomba ndiye aliyesikia majibu kwanza. Kufika jioni ukoo mzima unajua. Kijana yule mpaka leo hataki kusogelea kituo chochote, na ushauri nasaha anaouhitaji hana wa kumpa. Bango la ushauri kwa vijana lililobandikwa kituoni kwetu lina namba ya simu ya kupiga. Kupiga! Kiziwi anapiga simu kwa nani, na akipokelewa anasikia nini?

Sheria ya UKIMWI ya 2008 inasema majibu ni siri ya aliyepimwa. Mwaka 2019 ikarekebishwa ili kijana wa miaka 15 apime bila ridhaa ya mzazi. Mdogo wangu anayesikia ana miaka 16, anaingia mwenyewe, anatoka na siri yake. Mimi dada yake, miaka 22, najitegemea, naingia na mama. Tunayo Sheria ya Watu Wenye Ulemavu Na. 9 ya 2010. Mwaka mmoja kabla yake nchi iliridhia mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu, na kifungu cha 22 kinataja kabisa siri za afya zetu, cha 25 kinataja ridhaa yetu wenyewe. Bima ya afya kwa wote imepata sheria 2023, nami naitaka hiyo bima. Lakini kadi itanilipia dokta. Nani atanifanya nimwelewe?

Na msiniambie nikodi mkalimani. Nilimtafuta. Posho yake ya siku moja ni zaidi ya ninachopata kwa wiki nikishona, na hapo sijamlipia nauli. Halafu wakalimani ninaowafahamu mkoani kwetu ni wa kuhesabu kwa vidole, na viziwi wote tunajuana. Huyo huyo atakayetafsiri ugonjwa wangu Jumatano, Jumapili ndiye anayetafsiri mahubiri, mama mkwe wangu mtarajiwa akiwa safu ya pili.

Ninachotaka si jengo jipya. Kioo chenye namba za foleni, kama vile vya benki. Mtumishi mmoja kila kituo apelekwe akasomee lugha ya alama na posho alipwe, asifanye kwa huruma. Simu moja yenye bando ili mkalimani aliye mkoa mwingine, asiyenijua, aonekane kwa video dakika kumi. Maelezo ya dawa yachorwe: jua, mwezi, sahani. Na dokta yeyote akiona mtu mzima ameletwa na mzazi, amuulize kwanza mwenye mwili kama anataka mzazi abaki ndani. Hilo la mwisho halihitaji bajeti.

Shule ya viziwi ya Tabora ilianza 1963. Wanafunzi wake wa kwanza leo ni wazee wenye wajukuu. Miaka yote hiyo wamekuwa wanaumwa, wanazaa, wanalazwa, na bado mimi kwenye dirisha naangaliwa kama kiziwi wa kwanza kuingia pale.

Jumatatu natakiwa kurudi kuangaliwa kama maambukizi yameisha. Jana nilituma ujumbe kuuliza kama yule nesi atakuwa zamu. Nimejibiwa asubuhi hii: "Yuko likizo. Uje na mtu wako."