Akikuomba namba ya simu kwenye mtandao wa bure wa kutafuta wachumba, anapata nini?

Binti_Arua
Wenzangu, naomba majibu ya kiufundi, mahubiri nimeshayasikia. Nimejisajili kwenye huduma ya bure ya kutafuta mchumba kwa jina la utani na picha moja. Karibu kila mtu, baada ya salamu mbili, anasema "tuhamie WhatsApp". Laini yangu ni moja, ndiyo hiyo hiyo ya mobile money. Nikitoa namba, anajua nini zaidi ya namba? Na programu ikionyesha "yuko kilomita 2 kutoka kwako", hilo nalo lina hatari?

FundiSimu_Bombo
Dada, mobile money ndiyo tundu kubwa, na wengi hawalioni. Laini za Uganda husajiliwa kwa kitambulisho cha taifa. Mtu akifungua menyu ya kutuma pesa, akaandika namba yako na kiasi chochote, simu yake inamwonyesha jina la mwenye laini kabla hajaweka PIN. Anasitisha hapo. Hajatumia hata shilingi, nawe hupati ujumbe wowote. Sasa ana jina lako halisi. Akilitafuta pamoja na neno "Arua" anaweza kufika kwenye kurasa zako, kazini kwako, hata kwa wadogo zako. Jina la utani halina kazi tena.

Ukinunua laini ya pili, mwambie wakala asiifungulie mobile money. Usikubali laini iliyosajiliwa kwa jina la mtu mwingine: mwenye jina anaweza kuirejesha siku yoyote, na akaunti zako zote zikaondoka nayo.

Bora zaidi, usitoe namba kabisa. Signal tangu 2024 inaruhusu kuzungumza kwa jina la mtumiaji tu. Telegram nayo inaruhusu, ila ingia kwenye mipangilio ya faragha, sehemu ya namba ya simu, uweke "hakuna mtu". Kisha chini yake weka kwamba wanaoweza kukupata kwa namba ni watu uliowahifadhi tu. Wengi hufanya la kwanza wakasahau la pili. Na mazungumzo ya kawaida ya Telegram hayafungwi kwa msimbo kutoka simu hadi simu, yaani kampuni yenyewe inaweza kuyafungua. Ni yale ya siri tu, ambayo lazima uyafungue mwenyewe.

Mwalimu_Mbale
Niongeze kuhusu kilomita. Umbali peke yake ni duara: uko mahali fulani kwenye ukingo wake. Lakini mtu akisoma umbali wako akiwa mitaa ya Arua, tuseme Oli, kisha Mvara, kisha Ediofe, maduara matatu yanakatana mahali pamoja. Wala hahitaji kutembea, kuna programu za kudanganya GPS (kipimo cha mahali simu ilipo), anafanya yote akiwa kitandani. Mwaka 2014 watafiti walionyesha kwamba Tinder ilikuwa ikivuja umbali kwa usahihi wa kutosha kumpata mtu kwa njia hii. Kampuni nyingi sasa hukadiria namba hiyo, ila kwenye huduma ndogo za bure usitegemee hivyo.

Kwenye Android 12 na kuendelea, programu ikiomba mahali ulipo chagua "takriban" badala ya "sahihi". iPhone ina swichi kama hiyo. Huduma ikikubali uandike mji kwa mkono, inyime GPS kabisa. Na VPN, programu inayopitisha intaneti yako kwenye kompyuta ya mtu mwingine, haifichi GPS! Tangu Facebook ilipofungwa Januari 2021, watu wengi hapa wana VPN za bure na wanadhani zinawaficha kila kitu. Inaficha anwani yako ya intaneti tu, na mwenye VPN anaona tovuti unazotembelea. Pia usijisajili kwa kitufe cha "ingia kwa Facebook". Tumia barua pepe mpya isiyo na jina lako.

Picha: piga mpya, ambayo haipo kwingine, maana Google Lens hutafuta kwa sura ya picha. Angalia nyuma yako: sare ya kazi, geti la shule, namba ya boda. Ukituma picha WhatsApp kwa njia ya kawaida, taarifa za GPS zilizofichwa ndani yake huondolewa. Ukiituma kama faili, zinabaki.

Binti_Arua
Asanteni sana. Na wale wanaosema zawadi imekwama uwanja wa ndege wa Entebbe, lipa ushuru? Na wanaotaka simu ya video mara moja?

Hajati_Kampala
Mwanangu, ushuru wa URA, mamlaka ya mapato ya Uganda, hulipwa kwa namba ya malipo iitwayo PRN, kupitia benki au mobile money, na pesa huingia URA. Ukiambiwa utume kwa namba ya mtu binafsi, huo ni wizi.

Simu ya video ni njia nzuri ya kumthibitisha mtu. Mwambie ageuze uso pembeni na apitishe mkono mbele yake. Ila chukulia kwamba upande wa pili inarekodiwa. Uso tu, nguo mwilini.

Akianza kukutishia kwa picha, usilipe. Anayelipa huombwa tena. Usifute akaunti kwanza, utapoteza ushahidi. Piga picha za skrini zenye jina la akaunti, kiungo, tarehe na namba anayotaka ulipie. Ficha orodha ya marafiki zako, kisha mzuie. Nenda polisi ukiwa na nakala na udai namba ya SD (ya kitabu cha matukio cha kituo), bila hiyo hakuna atakayefuatilia kesi yako. Tovuti ya StopNCII.org hutengeneza alama ya picha ndani ya simu yako, picha yenyewe haitoki, na mitandao inayoshirikiana nayo huizuia isipandishwe. Hiyo ni ya waliotimiza miaka 18.

FundiSimu_Bombo
Hajati amesema kweli. Jingine: akikuambia "nimekutumia tarakimu 6 kwa makosa, nirudishie", hizo ni za kufungulia WhatsApp yako kwenye simu yake. Usizitume. Washa uthibitishaji wa hatua mbili leo, halafu fungua orodha ya vifaa vilivyounganishwa, usichokitambua, kitoe.