Bili ya dadangu, kuna daktari wa usingizi hatukumwita

Mwana wa Shela
Asalam alaykum ndugu zangu. Dadangu kajifungua kwa upasuaji hospitali moja ya kibinafsi hapa Malindi, kabla hajaingia tulimuuliza msichana wa mapokezi SHA, ile bima ya afya ya serikali, inalipia? akasema inalipia msiwe na wasiwasi. Leo ndiyo siku ya kutoka, SHA wametoa ile 30,000 yao ya upasuaji na sisi tumebakishiwa 86,000, ndani yake mna 25,000 za daktari wa usingizi ambaye ati si wa hospitali, bili yake iko mbali. Sasa huyo tulimchagua lini jamani, mtu yuko kwa meza ya upasuaji aanze kuuliza madaktari? Na mama na mtoto hawatoki mpaka pesa iingie. Mumewe mvuvi, na kusi hii bahari haiendeki.

Nahodha
Waalaykum salaam. Hilo la kuwazuia ndilo la kwanza. Mahakama Kuu ilishaamua 2015, kesi ya kina mama wawili waliozuiliwa Pumwani, hospitali ya uzazi ya Nairobi, kwamba kumfungia mgonjwa kwa ajili ya deni ni kuvunja haki zake. Deni linabaki, wanaweza kukushtaki, lakini mtu haekwi rehani. Muone meneja mwenyewe si kashia, omba mwandikiane mlipe kidogo kidogo, na kwenye hiyo karatasi uandike kabisa hizo 25,000 mnazipinga, usitie saini kuwa bili yote umeikubali.

Mama Barani
Mwanangu pole, na hongera ya mtoto. Usilipe jumla, taka bili iliyochambuliwa, kila dawa, kila glavu, kila siku ya kitanda. Mwaka jana ya mzee wangu tulikaa nayo mimi na binti yangu usiku kucha tukilinganisha na faili, tukakuta oksijeni ya siku tatu na aliivuta usiku mmoja tu, na kitanda cha siku ambayo tulikuwa tushafika nyumbani! Tuliporudi nayo walipunguza bila hata kubishana. Na uangalie kilichodaiwa mara mbili, SHA wamelipa na wewe tena unalipishwa.

Mkaa Mambrui
Sheria ya Afya ya 2017 kifungu cha 8 inasema mgonjwa aelezwe matibabu yake pamoja na gharama. Hapo ndipo pa kushikia kuhusu huyo wa usingizi. Andika barua kwa hospitali, ubaki na kopi iliyopigwa muhuri, wakikaa kimya peleka kwa KMPDC, wao ndio wanaosimamia madaktari na hospitali zenyewe. Mwenye bima ya kampuni hugombana na bima yake kupitia IRA, wale wanaosimamia kampuni za bima.

Binamu wa Minneapolis
Huku Marekani ilikuwa hivi hivi mpaka Januari 2022 ikaanza sheria ya No Surprises Act. Hospitali ikiwa iko kwenye bima yako, daktari wa usingizi asiye wa bima hiyo hawezi kukuletea bili yake ya ziada, wavutane yeye na bima. Ambulensi ya barabarani waliiacha nje, na hiyo inawaumiza watu sana.

Mwana wa Shela
Shukran sana. Nimetoka kwa meneja sasa hivi, tumewatoa dada na mtoto kwa 20,000 na karatasi ya makubaliano, 25,000 nimeandika tunazipinga. Bili ya kuchambua wamesema Jumatatu. Mama Barani nitakuja nayo kwako tuisome pamoja.