Gari limepiga shimo, pampu ya mafuta kimya

Gari la petroli limedunda shimoni, likazima. Stata inazungusha, fyuzi nzima, pampu haisikiki. Nianzie wapi mafundi?

— Swichi ya mshtuko hiyo. Ndani kuna gololi ya chuma iliyoshikwa na sumaku kwenye kikombe cha koni. Kishindo kikizidi nguvu ya sumaku, gololi inapanda, inagonga kibao cha juu, umeme wa pampu unakatika. Bonyeza kitufe kirudi chini.

— Kwanza chungulia uvungu wa gari na unuse! Petroli ikivuja, usibonyeze. Ford nyingi za zamani zina swichi hiyo pembeni mwa miguu ya abiria. Land Rover Defender Td5 (ya dizeli), ukutani nyuma ya injini.

— Swichi ikijikata hata kwenye lami safi, kaza skrubu zake, kagua kutu kwenye soketi. Kuiruka swichi kwa kuunga waya moja kwa moja ni hatari: ajalini pampu inaweza kuendelea kumwaga mafuta.