KARNAVALI YA KIJANI, UFAGIO WA VIJANA: wazee wa komite, safari hii hapana!

Wana Bukavu, hodi humu. Nimekaa siku tatu bila kuandika nikisubiri hasira ipoe. Haikupoa, basi someni hivyo hivyo.

Komite ya karnavali ya kartiye yetu, hapa Kadutu, ilituita kwa WhatsApp: vijana njoni, mwaka huu tunataka karnavali isiyochafua mazingira. Tukaenda kumi na wawili, daftari mkononi, na mipango tulikuwa tumeshaipanga. Maji yawekwe kwenye mapipa yenye robine, watu wanywe kwa vikombe vigumu, unaacha franga 500, ukirudisha kikombe unachukua franga zako. Hilo halitaki profesa. Nani Bukavu hii hajui kwamba ukienda kuchukua kreti ya bia bila chupa tupu, unalipia na chupa? Hata mtoto anayetumwa dukani anajua. Mapambo tulisema yatoke kwenye mabaki ya vitenge kwa mafundi cherehani, makartoni na majani ya mgomba.

Papa Prezida alitusikiliza dakika tano, simu ikiwa sikioni. Halafu: "Aksanti, watoto wangu. Vitu tumeshanunua. Nyinyi mtashika usafi." Akatugawia tisheti za kijani.

Kila tisheti ndani ya sashe yake, kimfuko cha plastiki! Sashe kumi na mbili, nimezitunza, mwenye kubisha aje azihesabu.

Siku yenyewe ikawa maji ya sashe kuanzia mwanzo wa maandamano hadi mwisho. Mnajua inavyokuwa: mtu anang'ata kona, anatema kile kipande, anafyonza, anatupa. Sashe yenyewe utaiokota. Kile kipande cha kona, kidogo kama ukucha, ufagio unakipita juu, nacho kinateleza hadi mferejini. Nilipiga magoti nikaviokota kwa vidole huku fanfari ikinipita mgongoni, na mama mmoja akanipa pole akidhani nimeangusha pete. (Kusema kweli, wenzetu wawili wenye tisheti za kijani nao walikunywa zile sashe. Kiu haina itikadi.)

Kabla hatujafika nusu, mvua. Na mvua ya Kadutu haiulizi mtu: inafagia mlima mzima hadi mto Kawa, Kawa inamwaga ziwani Kivu, na ziwa letu lina mlango mmoja tu wa kutokea, mto Ruzizi. Pale ndipo lilipo bwawa la umeme la Ruzizi ya kwanza, tangu miaka ya 1950, na plastiki inakwenda kuziba mitambo yake. Usiku umeme ukikatika tunatukana watu wa umeme, kumbe sehemu ya giza hilo tuliitupa wenyewe tukicheza ngoma.

Wanasema masashe yale mfadhili alitoa bure. Bure kwa nani? Isitoshe, dekreti ya Kongo yetu ya Desemba 2017 inakataza kutengeneza, kuingiza, kuuza hata kutumia masashe ya plastiki nchi nzima. Jirani zetu Rwanda walipiga marufuku mifuko hiyo tangu 2008, na sisi tukivuka kwenda Cyangugu tunaiacha mpakani bila kelele. Kwa hiyo tunaweza. Tukirudi upande huu ndipo tunasahau.

Mwishoni tukapangwa mstari, mifagio juu, picha ikapigwa mbele ya banderoli ya plastiki iliyoandikwa tarehe ya siku ile, yaani mwakani haitumiki tena. Leo inaziba tobo la paa la jikoni kwa jirani. Angalau yeye kafaidi.

Wazee wetu, tunawaheshimu, lakini mkishanunua uchafu, kutuita tuufagie si kutushirikisha. Tunataka viti viwili kwenye kikao kinachopanga bajeti, na tuitwe kabla franga hazijatoka. Mtupe hata kazi ya maji peke yake, tukishindwa mtucheke hadharani.

Hatutangoji jibu. Anayejua bei ya pipa la lita 200 lenye robine pale soko la Kadutu aandike hapa chini. Mafundi wenye mabaki ya vitenge pia. Tisheti yangu nimempa mama, anashikia sufuria ya bugali.