Zabibu za Dodoma kwenda Dubai: mnunuzi anataka kontena zima, nianzie wapi?

MkulimaHombolo

Wakuu, habari za majukumu.

Nina ekari tatu za zabibu hapa Hombolo. Tupo kikundi, kila mtu na shamba lake, ukijumlisha tunafika ekari kama ishirini. Miaka yote tunauza kiwanda cha mvinyo au tunakamua wenyewe tuuze mchuzi, ile juisi ya kutengenezea mvinyo. Anayelima zabibu Dodoma anajua mwezi wa tatu kunakuwaje: matenki yamejaa, mnunuzi anakwambia subiri, zabibu nazo zinakaukia mtini.

Sasa kijana wangu kaweka picha za shamba mtandaoni, akajitokeza jamaa anayesema yuko Dubai. Anataka kontena la futi 40 la zabibu za kula. Malipo atatoa mzigo ukishafika na kuuzwa. Na kabla ya yote tutume dola 300 za kusajiliwa kama wauzaji wake.

Shemeji yangu yuko Makete, ana epo, naye anauliza kama tunaweza kuzipakia humo humo kontena lijae haraka. Naomba ushauri wa mtu aliyewahi kusafirisha kweli, si wa kusoma.

Kibopa wa Nzuguni

Mnunuzi anayemtoza muuzaji ada ya usajili si mnunuzi. Usitume hata senti. Mengine waje wenye fani.

DadaPaleti

Kaka wa Hombolo, shikamoo kama umenizidi. Mimi nimefanya kazi misimu kadhaa kwenye nyumba ya kufungashia zabibu De Doorns, bonde la Hex River kule Afrika Kusini. Sasa niko Makambako kwenye ubora wa parachichi. La dola 300 Kibopa kamaliza, silirudii. Hata akiwa mnunuzi halali lakini, hilo kontena huna, na nitakueleza kwa nini.

Kwanza zabibu yenyewe. Mnayo Makutupora nyekundu na Chenin Blanc, si ndiyo? Hizo ni za mvinyo. Punje ndogo, mbegu ndani, kichala kimebanana mpaka punje za katikati zinapasuana. Kwa mvinyo hakuna neno, lakini mezani mteja wa nje anataka punje kubwa, isiyo na mbegu, inayolia ukiing'ata. Kule De Doorns mezani tulikuwa na kibao chenye matundu ya milimita 16, 18, 20 na kuendelea. Punje inapitishwa hapo. Ikidondoka kwenye tundu dogo, kichala kizima kinashushwa daraja, na bei inashuka nacho.

Na kichala hakishikwi hovyo. Kinashikwa kwa kikonyo tu, mkono mwingine una mkasi wenye ncha butu, unatoa punje moja moja iliyopasuka au iliyodumaa bila kugusa jirani yake. Ule unga mweupe juu ya punje si vumbi wala dawa, ni nta ya zabibu yenyewe. Ukiipangusa kwa vidole alama inabaki, na mnunuzi akifungua boksi anajua zimeshikwashikwa. Nimeona wasichana wapya wakihamishiwa kukunja maboksi kwa sababu ya hilo tu.

La pili ni baridi, na hapa ndipo pesa za watu wengi zinapotelea. Zabibu ikishakatwa haiivi tena. Si parachichi wala embe. Sukari uliyokata nayo ndiyo hiyo hiyo mpaka mwisho, kwa hiyo kipima sukari kinaingia shambani kabla ya mkasi. Baada ya hapo kila saa ya joto inakausha kikonyo. Punje itaonekana nzima, lakini kikonyo kikigeuka kahawia kama kijiti cha kiberiti, umeshauza kwa hasara. Kule tunakata alfajiri, kreti zinakaa kivulini, zinafungashwa, halafu paleti zinaingia kwenye chumba cha kupozea ambako hewa ya baridi inavutwa kwa nguvu ipite katikati ya maboksi hadi punje yenyewe ifike karibu na nyuzi 0. Si hewa ya chumba kufika 0, ni nyama ya punje. Safari nzima zinakaa kwenye nyuzi 0 au nusu nyuzi chini yake.

Watu wanadhani kontena la baridi ni friji kubwa: pakia mzigo wa moto, litaupoza baharini. Halipozi. Linatunza baridi uliyoiingiza. Ukipakia zabibu za nyuzi 25 zikaanza kutoa jasho ndani ya mfuko, ile karatasi ya salfa tunayoweka juu kuzuia ukungu wa kijivu inapata unyevu mwingi, inaachia hewa yake kwa mkupuo, na punje zinababuka nyeupe kuzunguka kikonyo. Ukiweka karatasi kidogo, ukungu unakula boksi. Ulaya wanapima hata salfa iliyobaki, kikomo chao ni miligramu 10 kwa kilo.

Sasa niambie, kati ya Hombolo na bandari ya Dar, kilomita zaidi ya 450, chumba cha kupozea zabibu cha namna hiyo kiko wapi? Mnacho kikundini?

La tatu ni wingi. Kontena la futi 40 linabeba paleti 20, hesabu tani 18 hadi 20, zote za ubora mmoja, zimekatwa ndani ya siku chache. Ninyi mko watu wengi na kila mmoja ana bomba lake na dawa yake ya ubwiriunga, ule ukungu mweupe wa mizabibu. Mmoja akipuliza wiki ya kuvuna, sampuli itakayochukuliwa ikaangukia boksi lake, kontena lote limekwama. Kwa hiyo kabla ya kuzungumza na Dubai mnahitaji daftari moja la dawa kwa kikundi kizima na mtu mmoja anayeruhusiwa kusema "puliza". Hilo halihitaji mtaji, linahitaji ugomvi kidogo kwenye mkutano. Cheti cha afya ya mimea kinatoka TPHPA, mamlaka ya serikali ya afya ya mimea na viuatilifu, nao watataka kuona shamba, si boksi tu. Ulaya ndiyo kabisa, tangu Desemba 2019 karibu kila tunda bichi linaingia kwa cheti, yaliyosamehewa ni machache kama ndizi, nanasi, nazi na tende.

La mwisho, kalenda, na hapa ndipo Dodoma ina nafasi. Mnavuna mara mbili, Februari-Machi na Agosti-Septemba. Februari-Machi huko Ghuba zabibu za India za Nashik zimejaa, na Afrika Kusini bado yumo. Agosti-Septemba mnakutana na Iran na Uturuki. Misimu yote miwili mnaingia sokoni wenzenu wakiwa na mzigo wa kumwaga. Lakini mzabibu wa nchi ya joto unafuata mkasi wako, haufuati majira. Ukipogolea, miezi minne hivi unavuna. Ukiwa na maji ya matone ukapogolea Juni kuelekea Julai, unavuna Oktoba-Novemba, kabla ya mvua za Desemba kukuozeshea vichala. Wakati huo nchi za kaskazini ya dunia wanamaliza, Namibia na bonde la Mto Orange la Afrika Kusini ndiyo kwanza wanaanza.

Utaniuliza kama kuna aliyeweza. Yuko. Brazil, bonde la mto São Francisco, kule Petrolina. Nyika kavu kama yenu, maji ya mto, mavuno mawili kwa mwaka, na wanauza Ulaya zabibu zisizo na mbegu kwa kuchagua mwezi wa kuvuna. Kwa hiyo hali ya hewa si kisingizio, ila wao walianza na aina na majokofu, mnunuzi akafuata.

MtuWaBarka

Assalaam alaykum. Mimi niko Oman, nauza matunda kwa jumla. Zamani tulikuwa soko la Mawaleh, tangu 2024 tumehamishiwa Khazaen, Barka.

Huyo bibie kasema kweli tupu. Mimi boksi likifunguliwa sitazami punje kwanza, natazama kikonyo. Kijani, tunaongea. Kahawia, nakuuliza unataka kuliacha hapa kwa bei gani.

Niongeze la malipo. "Nitalipa ikishauzwa" ni mali kauli, na mali kauli ya kitu kinachooza ni hatari kwako, si kwangu. Mzigo ukifika nitakuletea hesabu: nauli, ushuru, chumba cha baridi, kuchambua zilizooza, kamisheni yangu, na mwisho pengine wewe ndiye unayedaiwa. Haya si wizi, ndivyo biashara hii ilivyo, hata wakubwa wa Afrika Kusini wanauza hivyo. Ila wao wana mkaguzi wao huku anayepiga picha kila paleti ikifunguliwa, na kipimajoto ndani ya kontena kinachoandika joto la njia nzima. Wewe una nani huku? Kama hakuna, dai sehemu ya pesa kabla mzigo haujaondoka, na nyingine nyaraka zikifika benki. Akikataa mwache aende zake.

Na jingine, ndugu yangu: mfanyabiashara mzoefu hamwagizi mtu asiyemjua kontena. Mimi mgeni namwambia alete maboksi machache kwa ndege nionje, niwaonjeshe wenye maduka. Nauli ya ndege inakula faida yote, najua, lakini huo ni mtihani, si biashara.

MkulimaHombolo

Dada, shikamoo naipokea, marahaba. Nimesoma mara mbili mbili. Chumba cha baridi hatuna. Jamaa wa Dubai nimemwambia alipe nusu kwanza, kaninunia. Sasa niseme ukweli, ekari zangu tatu nizing'oe? Na shemeji wa epo nimwambieje?

DadaPaleti

Asante kaka. Usizing'oe! Zabibu ya mvinyo inakulisha, iache. Anzeni na ekari moja ya kikundi, yenye maji ya uhakika, pandeni za mezani.

Mnunuzi wa kwanza asiwe Dubai. Awe Zanzibar na Dar. Ingia kwenye hoteli za Nungwi na Paje uone zabibu za kifungua kinywa zimetoka wapi: boksi la Afrika Kusini. Mpishi wa hoteli anataka kile kile anachotaka mtu wa Barka, kikonyo kijani na punje kubwa, tofauti ni kwamba mkiharibu, mnaharibu maboksi thelathini, si paleti ishirini. Chumba kidogo cha baridi na gari moja la ubaridi kwa mwanzo vinatosha. Mkiweza kumlisha huyo msimu mzima bila kurudishiwa mzigo, mtakuwa na kitu cha kumwonyesha mtu wa nje.

Epo msizipakie pamoja na zabibu. Salfa ya zabibu inaunguza matunda mengine. Halafu epo ni biashara nyingine kabisa, ile inaendelea kuiva baada ya kuchumwa, ndiyo maana wenzetu wanaifungia kwenye vyumba ambavyo hewa ya oksijeni imepunguzwa sana, inalala miezi. Epo ya Ceres au Grabouw, kule Afrika Kusini, unayoinunua Kariakoo mwezi wa kumi na moja ilichumwa masika. Shemeji hana chumba hicho, na hakihitaji. Aprili 2025 serikali ilipozuia kwa siku chache mazao ya Afrika Kusini na Malawi, wauza epo mjini walihaha. Soko la epo la Tanzania liko Tanzania. Azipange kwa saizi, boksi moja epo zilizolingana, apeleke Mbeya na Dodoma. Hapo tu atawazidi wanaouza kwenye ndoo.

MkulimaHombolo

Ekari ipo, ile ya karibu na bwawa. Miche ya zisizo na mbegu naipataje?

DadaPaleti

Waone TARI Makutupora kwanza, kituo cha serikali cha utafiti wa kilimo, wapo jirani yenu. Zile aina mpya zinazovuma zina wenyewe, unalipia mche na unalipia mrahaba, na ukiotesha kwa kuiba mnunuzi wa Ulaya hagusi. Za zamani kama Thompson, Flame na Crimson hazina mwenyewe. Thompson inazaa kwenye macho ya mbali ya tawi, ukiipogolea fupi kama mnavyofanya hizo za mvinyo utapata majani matupu. Crimson rangi yake inagoma kwenye joto. Mimi ningeanza na Flame mistari mingi na Thompson mistari michache, kisha mniite wakati wa kupunguza punje, maana hapo wakulima wote huwa wanaona huruma na mkasi.